Meli Iliyonusa Nchi Kavu

"Meli ikiinama wakati matangi yote yako sawa, nani kaiinamisha?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa kazini, asubuhi ya siku yangu ya kwanza, kabla sijaonyeshwa hata pa kuweka begi. Aliyeuliza alikuwa Nahodha. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Dar es Salaam, najua kila kitu, nikajibu kama nilivyofundishwa: upepo, au mawimbi, au mzigo umehama. Kila jibu alilitingishia kichwa.

"Hakuna upepo. Ziwa limelala. Mzigo umefungwa kwa minyororo. Haya, endelea."

Akaniambia nikalitafute jibu mwenyewe, kisha akageuka kuulizia chai yake.

Kumbukumbu za kazi huandikwa na wenye mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini kazi niliyoifanya imekwisha kabla yangu, na wale walioijua kwa miaka mingi hawana habari ya kuandika. Hapa Bariadi, vijana wa ofisini wanaponisikia nikisema treni ilikuwa inapanda meli, hucheka wakidhani nawatania. Kwa hiyo naeleza.

Ilikuwa meli ya mabehewa na abiria. Jina lake lilikuwa Jitihada. Sitaha yake ya chini ilikuwa tupu na ndefu kama ghala la pamba lisilo na pamba, na sakafuni zilitandazwa reli, sawasawa na reli za stesheni. Nyuma ya meli, sehemu tunayoiita tezi, palikuwa wazi. Meli ilirudi kinyumenyume hadi kwenye daraja la chuma la gati, reli za nchi kavu zikakutana na reli za meli, na mabehewa yakasukumwa ndani. Kichwa cha treni chenyewe hakikuruhusiwa kukanyaga daraja kwa sababu ya uzito. Waliweka mabehewa matupu katikati, yakawa kama mkono mrefu wa kusukumia, na kichwa kikabaki nyuma salama.

Kazi ngumu ilikuwa mlinganyo. Behewa lililojaa mbolea likiingia upande wa kulia, meli inalala kulia. Basi tulijaza kwanza reli za katikati, kisha kulia, kisha kushoto, kwa zamu, na kule chini Mhandisi Mkuu akihamisha maji kati ya matangi ya pembeni ili meli isimame wima. Katika chumba cha usukani lilining'inia timazi la shaba, kama lile la fundi mwashi, mbele ya kipande cha bati chenye alama. Likitulia kwenye alama ya kati, meli iko sawa. Kulikuwa na vifaa vya kisasa zaidi, lakini Nahodha alikuwa akiangalia timazi.

Mwaka wangu wa kwanza niliwekwa chini ya Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, na hakunihurumia.

"We msomi! Toka hapo katikati ya reli. Behewa halijui kusoma."

"Nakagua jeki za kukazia minyororo, Serahangi."

"Unakagua au unaiuliza maswali? Kaza, halafu piga nyundo. Ikilia kama kengele, imekaza. Ikilia kama debe, kaza tena."

Nilikuwa nauliza kweli. Kwa nini mnyororo wa mbele unafungwa wa mwisho? Kwa nini tunaweka miti chini ya magurudumu wakati breki zipo? Maswali mengine alijibu, mengine alinitukania, na machache aliyakimbia. Aliyokimbia ni yale ya mambo ambayo mabaharia waliyafanya bila kuyasema. Waliposhuka sitaha ya mabehewa walisalimia, "Mwangaluka," hata kama hapakuwa na mtu. Nilipomuuliza wanamsalimia nani, aliangalia buti zake.

"Ukiingia nyumba ya mtu kimya unaitwa nani, msomi? Mwizi. Salimia upite."

Sikusalimia. Mimi ni mzaliwa wa Sapiwi, nimekulia kwenye mambo ya aina hiyo, na nilisoma ili niyaepuke. Nilipita kimya, na nakiri kwamba kimya kile kilikuwa kizito. Mabehewa yaliyofungwa hayatulii. Chuma kinapoa, minyororo inalegea na kukaza, na mahali fulani kati ya behewa na behewa unasikia kitu kama pumzi. Ni hewa inayopita kwenye tundu za breki. Najua ni hewa. Niliipima.

Jibu la swali la Nahodha nililipata alasiri moja tukiwa na mabehewa ya mifugo. Mvua ilikuwa inanyesha, nyembamba, isiyoisha, na mbele yetu hapakuonekana maji wala mbingu. Nilikuwa nimeitwa juu kupeleka taarifa. Nahodha alinionyesha timazi kwa kidevu. Lilikuwa limesogea kulia, upana wa ukucha.

"Nimwambie Mhandisi ahamishe maji?" nikauliza.

"Matangi yako sawa. Shuka ukaone."

Nikashuka. Sitaha ilikuwa imejaa ng'ombe, behewa baada ya behewa, na wote walikuwa wamegeukia kulia. Hakuna aliyekuwa akila. Hakuna aliyelia. Pua zimesukumwa kwenye nafasi za mbao, zimelowa, zinafunguka na kufunga pamoja. Miili yote mikubwa ile ilikuwa imeegemea upande mmoja, na mabehewa yamelala juu ya springi zake, na meli nayo imelala. Nilisimama pale kati ya safu mbili za migongo na nikahisi kwamba mimi peke yangu nimegeukia upande usiofaa.

"Wamenusa nchi," Serahangi alisema nyuma yangu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Sasa Nahodha anajua nchi iko wapi."

Baadaye kidogo kisiwa kilitoka ndani ya mvua, upande wa kulia.

Nililiamini hilo kwa sababu nililijaribu. Upepo ukitoka nchi kavu, timazi lilisogea. Upepo ukitoka nyuma yetu, halikusogea. Pua ya ng'ombe, basi. Hakuna muujiza hapo. Lakini mabehewa ya mifugo yalizidi kupungua, mwisho yakaacha kuja kabisa, na mabaharia hawakuacha kusema meli imenusa nchi. Ikiinama kidogo tu, wanatazamana. "Wale wa zamani bado wamo," walisema. Mimi nilishuka na tochi kila mara kutafuta sababu, na kila mara niliipata. Mara valvu inavuja, mara springi ya behewa imekatika. Nilimletea Serahangi ile springi iliyokatika nikaiweka mezani mbele ya ugali wake.

"Huyu hapa ng'ombe wenu."

"Mbona hana mkia?" akauliza, na wote wakanicheka.

Nilipandishwa kuwa afisa wa zamu katika mwaka ambao mvua zilikata barabara. Wenyeji wa Simiyu wanaukumbuka. Mito ilifurika, madaraja yakaondoka, ziwa likapanda na kuingia mashambani, na watu wa Busega na Bariadi wakawa hawana njia ya kwenda Mwanza wala kurudi. Meli ndogo zilikuwa matengenezoni. Ikaamuliwa Jitihada, ambayo kwa wakati ule ilikuwa imeegeshwa bila kazi, ibebe abiria kupitia ghuba hadi upande wa Kiloleli, na kutoka hapo watu washushwe kwa mitumbwi ya injini. Huko hakuna reli, kwa hiyo mabehewa matupu machache yaliyokuwemo ndani yaliachwa yamefungwa, yakatumika kuhifadhi magunia na baiskeli.

Lazima niseme kilichokuwa kigumu katika ghuba ile. Manahodha wa zamani waliijua kwa miamba yake, kwa sababu miamba ilikuwa inaonekana, myeupe kwa vinyesi vya ndege. Ziwa lilipopanda, ikazama kiasi cha kutoonekana, lakini si kiasi cha kutogusa meli. Ramani ilikuwa ya zamani. Kifaa cha setilaiti kilituambia vizuri kabisa mahali tulipo, ila hakikujua kwamba ufuko umehama ukatufuata. Rada ilikuwa inasubiri kipuri.

Safari ninayotaka kuisimulia, mama yangu alikuwemo. Alikuwa ametibiwa jicho Mwanza, bado limefunikwa pamba, na alitaka kurudi Sapiwi. Maisha yake yote hakuwahi kupanda chombo cha majini. Nilimbembeleza jioni nzima. Nilimchorea kwenye karatasi kwa nini chuma kinaelea.

"Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "mimi sibishani na karatasi. Naapa tu kwamba nikizama nitakutokea."

"Huzami, mama. Nitakuwa juu mwenyewe, zamu yangu."

"Basi nitajua wa kumtokea."

Tuliondoka alfajiri. Jua lilipochomoza tulikuwa ndani ya ghuba, ziwa limelala kama mafuta kwenye sahani, na mbele yetu palisimama moshi. Waliokaa kando ya ziwa wanajua si moshi. Ni vijidudu vya ziwani, vinavyozaliwa majini kwa siku moja na kupanda kama nguzo mpaka mawinguni. Safari hii nguzo zilikuwa nyingi na zilikutana na ukungu. Tuliingia ndani. Mwanga ukawa wa kahawia. Vijidudu vilijaa vioo, vikajaa masikio, vikafunika taa. Sauti ya injini, ambayo kwa kawaida huenda mbali na kurudi, ikawa haiendi popote. Ilikuwa kama tumewekwa ndani ya gunia.

Nahodha alikuja juu akiwa amejifunga kitambaa puani. Alisoma kifaa, akasoma ramani. Kifaa kilionyesha nchi iko mbali, mbele kabisa. Nikamwambia tunaweza kuendelea pole pole kwa mwelekeo uleule.

Timazi likaanza kusogea.

Halikusogea upana wa ukucha tu. Lilisogea kulia, likapita alama ya kwanza, likaendelea, taratibu, kama mtu anayekusudia. Penseli ilibingirika kwenye meza ya ramani na kuanguka.

"Simamisha injini," Nahodha alisema. Halafu kwa Serahangi, kwenye simu ya sitaha: "Nanga. Angusha sasa."

"Nahodha, hatuna ng'ombe," nikasema.

"Nimesikia."

"Basi ni maji. Tumetoboka. Tukisimama hapa na maji yanaingia, watu wote hawa..."

"Shuka ukapime. Ukikuta maji, nitakuomba radhi mbele ya wote. Nchi iko kulia, binti, na iko karibu."

Nilishuka kwa ngazi ya ndani. Nilikuwa namuwaza mama, jicho moja, na koti lile la kuokolea maisha alilokataa kulivaa kwa sababu linanuka. Katika sitaha ya mabehewa taa zilikuwa za njano kwa vijidudu. Mabehewa yalikuwa wazi, milango imesukumwa pembeni, magunia yametulia ndani. Minyororo ya kushoto ilikuwa imekaza mpaka inalia. Ya kulia ililegea na kugusa sakafu. Harufu ya ng'ombe ilikuwepo, na nikajisemea harufu huingia kwenye mbao na kukaa miaka. Ni kweli, hukaa. Hata hivyo nilipita haraka, na nilipofika mwisho nilijikuta nimesema, kwa sauti, "Mwangaluka."

Nilimkuta Mhandisi Mkuu tayari kwenye matangi, kijiti cha kupimia mkononi.

"Nimeshapima mara mbili," akasema. "Sawa kabisa. Ngama kavu. Kama una miujiza yenu ya huko juu, msiniletee huku."

Nilipima mwenyewe. Kulia sawa na kushoto. Ngama, pale chini kabisa ambapo maji ya kuvuja hukusanyika, palikuwa pakavu.

Nikapanda kwa njia nyingine, ngazi inayotokea ukumbi wa abiria. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mabegi yapo, vikombe vipo, chai inatoa mvuke. Nikasukuma mlango wa nje.

Wote walikuwa kulia. Mamia ya watu, wamesimama bega kwa bega kwenye ubao wa pembeni, wazee na akina mama wenye watoto mgongoni, nyuso zimegeukia ule ukungu wa kahawia. Vijidudu vinatua kwenye midomo yao na hawavipangusi. Hakuna aliyesema. Mtoto hakulia. Niliwahi kuona kitu hicho mara moja tu maishani, nikiwa kati ya safu mbili za migongo.

Mama alikuwa mbele, ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili.

"Mama, mnatazama nini?"

"Hatutazami," akasema bila kugeuka. "Tunasikiliza. Hebu nyamaza."

"Mnasikiliza nini?"

"Ng'ombe. Kundi zima. Huwasikii?"

Injini zilikuwa zimenyamaza. Nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Nilisikia maji yakitiririka kutoka kwenye mnyororo wa nanga, basi.

"Wanaelekea majini," mzee mmoja akasema, na wengine wakaitikia kwa koo.

Kisha upepo mdogo ukaja, na gunia likafunguka. Upande wa kulia, karibu kiasi kwamba ningeweza kutupa kamba ikafika, maji yalikuwa yanapanda na kuteleza juu ya mgongo wa mwamba mrefu, kimya, bila povu. Nyuma yake palikuwa na vichwa vya miti iliyozama, na paa moja la bati. Tungeendelea kwa mwelekeo wangu, tungeugusa mwamba ule kwa ubavu. Watu waliangalia, wakaanza kuongea wote kwa mara moja na kurudi nyuma, na meli, ikiwa imeachwa na uzito wao, ikasimama wima.

Hapo nikaelewa, au niliona nimeelewa. Kisha nilikaa wiki nzima nikilikokotoa jibu hilo. Meli nyepesi bila mzigo, mamia ya watu wakihamia upande mmoja wakiwa sitaha ya juu: hesabu inakubali. Si mizimu ya ng'ombe wa zamani. Ni wafugaji. Watu waliokulia kwenye mazizi walisikia mifugo ya Kiloleli ikipelekwa kunywa, wakaifuata kwa miguu bila kujua, na uzito wao ukamwambia Nahodha nchi iko wapi. Mimi sikusikia kwa sababu masikio yangu yalikuwa yameharibiwa na injini.

Barabara zilipotengenezwa, Jitihada ilistaafishwa. Iliegeshwa, vyeti vyake vikaisha muda, na sisi tukasambazwa. Serahangi alirudi kulima mpunga. Nahodha alistaafu na kujenga Kiloleli, na kabla sijahamia ofisi ya mkoa hapa Bariadi nilipita kumuaga. Nikamweleza hesabu yangu yote, kwa kalamu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo abiria ndio walikuwa ng'ombe wangu! Usiwaambie, wataidai nauli yao."

"Umeridhika lakini, Nahodha?"

"Mimi niliridhika siku ile nilipouona mwamba. Wewe ndiye uliyekuwa na shida. Umeridhika?"

Nikasema ndiyo. Na nimewasimulia hivyo wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi ofisini, mara nyingi, kama mfano wa jinsi jambo la kutisha linavyotulia ukilipatia sababu. Kazi za majini zitakufundisha hilo. Usidharau kinachosemwa na wenzako, ila usikipokee mpaka umeshuka kupima. Bado nalishika.

Kazi yangu ya sasa ni kukusanya taarifa za mafuriko, wapi ujenzi uende na wapi watu wasirudi. Juzi juzi niliketi na afisa mifugo mmoja wa siku nyingi, tunapitia vijiji vya ufukweni. Nikamsimulia ile asubuhi ili kumchangamsha. Hakuchangamka. Aliuliza ilikuwa msimu gani, nikamwambia, akauliza tena.

"Haiwezekani," akasema. "Maji yalipoingia, ng'ombe wa Kiloleli walianza kuoza kwato. Tuliwatoa wote, nilisimamia mwenyewe. Ufuko ule ulibaki mtupu mpaka kiangazi."

"Hata kundi moja?"

"Hata ndama. Wengi tuliwapeleka Sapiwi. Si ndiko kwenu? Muulize mama yako, zizi lenu lilipokea."

Jumapili nikaenda Sapiwi. Mama alikuwa anapepeta mtama, macho yake yote mawili mazima sasa. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Kweli," akasema. "Siku ile uliponishusha, nilifika nyumbani jioni nikawakuta wamejaa mpaka mlangoni. Nikauliza ni wa nani. Wakaniambia ni wa Kiloleli, wana wiki mbili hapa."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

Alirusha mtama juu, makapi yakaondoka na upepo.

"Ulinipigia simu usiku uleule, ng'wanone. Ulikuwa na furaha sana. Ulisema umeshapata jibu."